Shangazi Fyuzi Anajibu: Taa Sita, Betri Moja

Wiki hii nimeziweka kando barua za mahari na mawifi. Wakulima wa korosho wamelipwa, na mfuko wangu wa barua unanuka petroli. Kila anayeandika ama ananunua pikipiki yake ya kwanza, ama ameshainunua na sasa anataka kuipamba kama bibi harusi. Wenye matatizo ya ndoa wanisubiri, isipokuwa mama mmoja wa Tabata ambaye tatizo lake la ndoa lina waya.

*Shikamoo Shangazi. Nimeuza korosho, nina milioni moja na laki sita mkononi. Kuna Boxer hapa mjini, muuzaji anasema ilikuwa ya mwalimu, ilikuwa inakwenda shule na kurudi tu, injini haijafunguliwa hata siku moja. Mita inasoma kilomita elfu kumi na moja. Nilipofika iliwaka kwa kiki moja. Anasema kuna mtu mwingine anakuja na pesa jioni. Nimwahi?*
*Mwenye Haraka, Masasi*

Marahaba, mwanangu. Tangu nianze safu hii sijawahi kuletewa barua ya pikipiki iliyokuwa ya bodaboda. Zote zilikuwa za walimu, wauguzi na mapadri. Sijui abiria wa nchi hii wanabebwa na nani.

Pikipiki nyingi zinazouzwa mkononi zimemaliza mkataba. Unaujua mkataba: bosi ananunua, kijana analeta hesabu kila siku, na siku ya mwisho pikipiki inakuwa yake. Muda wote huo haikupumzika. Imebeba mishikaki, magunia ya mkaa, na sofa moja mbili. Kuinunua si kosa, tena wapo vijana wanaozitunza kuliko huyo mwalimu. Kosa ni kuilipia bei ya kwenda shule na kurudi.

Habari ya mita usiisikilize. Kwenye pikipiki nyingi za bei hii inaendeshwa na kebo inayotoka gurudumu la mbele. Ichomoe kebo, pikipiki itafika Songea na mita imesimama Masasi. Wewe tazama vitu ambavyo mguu na mkono vinavigusa kila siku: mipira ya kukanyagia, pedali ya breki ya nyuma, kidole cha gia, mpira wa kiki, sponji ya siti upande wa dereva na upande wa abiria. Mita ikisema elfu kumi na moja na pedali imelika mpaka chuma kinang'aa, amini pedali. Na ukikuta mipira yote ni mipya lakini vyuma vilivyoishika vimechakaa, muulize mwalimu alikuwa anakanyaga nini.

Sasa hiyo kiki moja. Uligusa injini kabla ya kuiwasha? Muuzaji mjanja huiungurumisha nusu saa kabla mteja hajafika, kwa sababu injini yenye moto inaficha mengi. Rudi kesho alfajiri bila kupiga simu. Weka kiganja karibu na silinda. Ikiwa ya moto, mwambie unakwenda kunywa chai, na uinywe taratibu. Ikishapoa, piga kiki wewe mwenyewe na usimame nyuma ya sailensa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ringi zimechoka, au sili za valvu. Huo ni moshi wa pesa nyingi. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, mara nyingi ni kabureta au chujio la hewa, na hauna haja ya kukukimbiza. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi ukipotea baada ya dakika chache ni maji tu.

"Injini haijafunguliwa" nayo ina ushahidi wake. Tazama vichwa vya boliti. Vikiwa vimechunwa na spana, au ukiona silikoni imevimba pembeni mwa maungio, imefunguliwa na mtu aliyekuwa na haraka kuliko wewe. Kufunguliwa si aibu. Kudanganywa kuhusu kufunguliwa ndiko kunakopaswa kukusimamisha.

Kisha isimamishe kwa stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, na uzungushe usukani polepole kulia na kushoto. Ukinasa kidogo unapofika katikati, beringi za shingo zimebonyea, na hizo hubonyezwa na mashimo ya barabarani au na ajali. Shika gurudumu la nyuma ulitikise ubavuni. Likicheza, kuna bushi au beringi zimekwisha. Angalia meno ya sproketi ya nyuma. Yakiwa yamechongoka na kuinamia upande mmoja, utanunua seti nzima pamoja na cheni, na bei ya seti hiyo inatoka kwenye milioni moja na laki sita yako. Haiongezwi juu yake.

Karatasi sasa, na hapa usiniachie hata neno. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, ya injini imegongwa kwenye ubavu wa injini. Zisome tarakimu kwa tarakimu huku kadi iko mkononi mwako. Kadi yenyewe, mwanangu, siyo kopi. Akisema kadi iko kwa mkopeshaji, ujue anauza kitu ambacho bado si chake. Akisema ilipotea, aonyeshe ripoti ya upotevu ya polisi, na mwenye jina aje yeye na kitambulisho chake. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani uone kama kuna faini zinazodaiwa, maana deni linaifuata namba. Andikeni mkataba wa mauziano kwa wakili, kisha umiliki ubadilishwe TRA. Usikae na jina la mtu mwingine mwaka mzima ukisema "nitakwenda". Siku pikipiki hiyo itakapogonga mtu, au kuibiwa, utamtafuta mwalimu huyo kwenye shule zote za mkoa.

Na huyo mtu mwingine anayekuja na pesa jioni, mimi namsikia kila msimu. Hakuna aliyewahi kumwona. Usimwahi.

*Shangazi, mume wangu alinunua pikipiki ya mkononi ya kwendea kazini. Mwezi wa kwanza akafunga taa mbili za mbele. Mwezi wa pili honi ya lori. Sasa zimeongezeka taa za rangi nne chini ya tenki, spika na chaja ya simu. Kila alfajiri stata haizungushi, anapiga kiki mpaka jasho, siku nyingine anaisukuma mtaa mzima na majirani wanamhesabia hatua. Amenunua betri mbili tangu Ramadhani. Anasema betri za siku hizi ni feki. Betri ndiyo feki au mume?*
*Mke wa Taa, Tabata*

Mama, betri feki zipo na waume feki wapo. Kabla hatujamhukumu yeyote, tufanye hesabu, na wewe umfanyie mumeo hesabu hii akiwa ameshiba.

Inama usome ubavuni mwa betri. Pikipiki ndogo nyingi hubeba betri ya volti 12 iliyoandikwa 5Ah au karibu na hapo. Kwenye karatasi, betri hiyo ikiwa mpya na imejaa inatoa ampea 5 kwa saa moja. Kwa kweli hata hiyo saa haitimii, kwa sababu betri ikinyonywa haraka hutoa pungufu ya ilichoandikiwa. Sasa chukua boksi la zile taa mbili. Limeandikwa wati 60 kila moja? Jumla 120. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 10. Injini ikiwa imezimwa, taa hizo zinaimaliza betri ndani ya nusu saa, na spika bado haijaimba. Ahueni ni kwamba wati za kwenye boksi la taa za bei rahisi mara nyingi ni majigambo, taa yenyewe inakula kidogo zaidi. Lakini huwezi kulijua hilo bila kupima.

Atakwambia injini ikiwaka, betri inachajiwa. Ni kweli, ila ni ukweli wenye mipaka. Umeme unatoka kwenye magineti, ile sumaku inayozungukia koili pembeni mwa injini, na regyuleta inaupunguza na kuupeleka kwenye betri. Magineti hiyo ilipigiwa hesabu kiwandani: taa ya mbele, ambayo kwenye pikipiki nyingi za aina hii ni ya wati 35, taa ya nyuma, indiketa, honi ndogo, na kinachobaki kichaji betri. Kinachobaki si kingi. Na magineti inatoa umeme kwa kadiri injini inavyozunguka. Mumeo akiwa amekwama kwenye foleni ya Buguruni, injini iko chini, taa zote zinawaka, spika inaimba taarabu, basi umeme unaotoka ni mwingi kuliko unaoingia. Betri inalipa tofauti. Ikifika nyumbani haina kitu cha kuzungushia stata.

Mwambie aazime multimita kwa fundi umeme yeyote. Pikipiki ikiwa imelala usiku, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka na akivuta mafuta kiasi, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, haichajiwi: ama magineti, ama regyuleta, ama soketi iliyoungua katikati yake. Ikipanda kupita 15, regyuleta imekufa na inaichemsha betri. Hapo hata angenunua betri ya mfalme ingekufa. Vipimo hivyo avichukue mara mbili, taa za ziada zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa. Kama zikizimwa inasoma 14 na zikiwashwa inashuka chini ya 12.6, betri haina kosa.

Kuna kipimo kingine cha usiku. Azime kila kitu, atoe ufunguo, achomoe waya hasi wa betri, kisha multimita ikiwa kwenye ampea aiunganishe kati ya waya huo na kichwa cha betri. Asiguse stata wakati huo, ataunguza fyuzi ya kifaa cha watu. Ikisoma zaidi ya sehemu chache za elfu za ampea, kuna kitu kinakunywa umeme familia ikiwa imelala. Dau langu ni spika. Mafundi wengi huiunganisha moja kwa moja kwenye betri ili "ipige vizuri".

Honi ya lori haiui betri, inalia sekunde mbili na kunyamaza. Kosa lake ni jingine. Honi yenye kompresa inaweza kuvuta ampea 15 au zaidi, na kitufe cha usukani kilitengenezwa kwa honi inayovuta mbili tatu. Umeme huo wote ukipita kwenye kitufe, kinaungua kwa ndani, na siku moja kitagandia honi ikiwa inalia, na kwa bahati ya mumeo itakuwa mbele ya msikiti. Dawa yake ni rilei, ambayo haina gharama kubwa. Chini yake kuna namba, na ni hizo hizo kwenye rilei nyingi za magari: 30 inapokea umeme kutoka betri, 87 inaupeleka kwenye honi au taa, 85 na 86 ndizo za kuiamsha. Waya mwembamba wa kitufe unaiamsha rilei, waya mnene unabeba mzigo. Kwa taa, waya wa kuamsha achukue kwenye taa ya nyuma, ili ufunguo ukitolewa kila kitu kizime hata kama yeye amesahau.

Fyuzi iwe karibu na kichwa chanya cha betri, umbali wa kiganja. Nimeona waliofunga fyuzi safi kabisa karibu na taa, mita nzima kutoka betri. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukichubuka kabla ya kuifikia fyuzi hiyo, hakuna kitakachoukata, na waya huo unapita chini ya tenki la petroli.

Taa za rangi chini ya tenki mumeo azitoe. Zikiwa nyekundu na bluu za kumwekamweka, trafiki watamtolea wao. Taa mbili za mbele zibaki, kwa rilei, awashe panapokuwa na giza la kweli na aziinamishe chini, maana anayekuja mbele yake naye ana mke. Chaja ya simu ibaki, inakula ampea moja hivi. Spika mpeni shemeji mwenye gari.

Kwa hiyo, mama: mume si feki. Anadaiwa.

*Shangazi, fyuzi yangu ilikuwa inakatika kila siku. Fundi wa kijiweni akaifunga kwa karatasi ya ndani ya pakti ya sigara, sasa ina wiki mbili haijakatika. Fundi huyu nimpe zawadi gani?*
*Mwenye Shukrani, Morogoro*

Mpe kizima moto, kisha umwombe akuazime.

Fyuzi ilikuwa inakatika kwa sababu kuna waya mahali unagusa fremu. Waya huo bado unagusa. Ukishaweka fyuzi ya kweli, washa ufunguo, kisha pindua usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, uone inakatika wapi. Pale shingoni waya zote zinakunjwa kila unapokata kona, na ndipo zinapochubuka kwanza, hasa zikiwa zimeongezwa zako za taa na kukazwa kwa kamba ya nailoni. Toa hiyo karatasi leo, kabla hujamaliza kunisoma.

*Mambo Shangazi. Nimebadilisha balbu zote nikaweka za LED. Taa ya mbele inapepesa injini ikiwa chini, na indiketa zinakimbia mbio hatari. Fundi kasema ni mapepo ya umeme.*
*Kijana wa Chuo, Iringa*

Poa. Pepo la kwanza: kwenye baadhi ya pikipiki taa ya mbele haipewi umeme wa betri, inapewa moja kwa moja kutoka magineti, umeme unaopanda na kushuka. Balbu ya waya ilikuwa inavumilia, ikififia tu ukiachia mafuta. LED haivumilii, inaonyesha kila mpigo. Ujaribu hivi: zima injini, acha ufunguo, washa taa. Isipowaka, ni ya magineti. Tafuta LED iliyotengenezwa kwa umeme wa aina hiyo, au rudisha balbu ya zamani, ambayo haikukukosea kitu.

Pepo la pili: flasha ya zamani inahesabu mzigo wa balbu. Umeiwekea LED zinazokula kidogo, inadhani balbu moja imekufa, ndiyo maana inakimbia. Nunua flasha ya kielektroniki ya LED, ichomeke mahali pa ile ya zamani. Usimlipe fundi pesa ya kutoa mapepo.

*Shangazi, nimeiona pikipiki nzuri kwa bei ya kushangaza. Nzima kabisa, ila ina mchanga kidogo ndani ya kioo cha taa.*
*Mwenye Bahati, Magomeni*

Mchanga haupandi ndani ya taa kwa miguu yake. Pikipiki hiyo imelala kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani. Fungua kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia mpaka ndani. Fungua siti, chomoa soketi mbili tatu za waya. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, ugonjwa umeshaanza na utakutokea kituo kwa kituo kwa mwaka mzima. Wewe ni mnunuzi wa kwanza, huna uzoefu wa kuuguza. Iache.

*Nimebakiwa na laki moja baada ya kununua. Nianze na spika au taa?*
*Mpenda Raha, Tanga*

Kofia ngumu mbili. Moja ni ya abiria.

*Shangazi, nafanya kazi ya Bolt. Simu nimeifunga kwenye usukani, kamera yake sasa inatikisika hata nikiishika kwa utulivu. Simu ya bei mbaya. Je, ni chaja ya pikipiki?*
*Dereva, Mbezi*

Chaja haina hatia. Ni mtikisiko wa injini. Simu za bei mbaya zina lenzi inayoelea ili picha isitikisike, na kile kinachoiweka lenzi mahali pake huharibika kwa mtetemo wa muda mrefu. Apple wenyewe walitoa onyo hilo mwaka 2021, wakataja injini kubwa za pikipiki kwa jina. Nunua simu ya bei rahisi ya kazi uifunge hapo na mpira wa kupunguza mtikisiko, hiyo nzuri ikae mfukoni.

*Nimefunga kifaa cha kufuatilia pikipiki nikaenda kijijini Rukwa mwezi mzima. Nimerudi, pikipiki ipo, betri imekufa. Wezi wa umeme?*
*Msafiri, Dodoma*

Mwizi ni mlinzi uliyemwajiri. Kifaa kinachokula ampea 0.02 tu, usiku na mchana, kinaimaliza betri ya 5Ah kwa siku kumi hivi. Ukisafiri, ama chomoa waya hasi wa betri, ama muombe jirani unayemwamini aiwashe na kuiendesha kila baada ya siku chache. Ukimchagua jirani, kifaa kiache kimewashwa.

*Shangazi, mimi ni dalali wa pikipiki. Tangu uanze kuandika mambo ya kugusa injini, wateja wananijia wamenyoosha mikono. Jana mmoja amekuja saa kumi na mbili asubuhi, mimi sijapiga mswaki. Unatuondolea riziki.*
*Dalali Aliyeonewa, Mbagala*

Pole, mwanangu. Fanya hivi. Iache injini ipoe na mteja apige kiki mwenyewe. Ukiulizwa ilikuwa ya nani, sema ilikuwa ya bodaboda, imemaliza mkataba, imebadilishwa ringi na cheni, na hii hapa risiti ya vipuri. Kadi iwe mezani, mwenye jina awe amekaa pembeni yake. Pikipiki ya namna hiyo mimi ningeinunua kabla ya ile ya mwalimu, na ningekuongezea ya chai.

Wengine wote: barua za toleo lijalo zije na picha ya ubavu wa betri, maandishi yasomeke. Picha za taa zikiwaka usiku msinitumie tena, nimezishiba.